John Wesley Hyatt, Aliyegeuza Pamba Kuwa Mfano wa Pembe

Katika nchi ya Bariadi, mkoani Simiyu, wakati wa mavuno ufikapo mashamba huwa meupe kwa pamba. Watu huichuma, hutenga pamba safi na fifi, huishindilia magunia, kisha huipeleka kuuza. Kila mtoto wa huko ajua kazi ya pamba: itasokotwa iwe uzi, na uzi utafumwa uwe nguo. Lakini alikuwako mtu mmoja wa Marekani, mpiga chapa kwa kazi yake, aliyeipa pamba kazi nyingine. Aliigeuza ikawa kitu kigumu, chenye kung'aa mfano wa pembe ya ndovu, kitu kinacholainika kwa moto na kushika umbo kikisha poa. Jina lake aliitwa John Wesley Hyatt.

Hyatt alizaliwa tarehe 28 Novemba 1837 katika kijiji cha Starkey, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mhunzi. Mtoto wa mhunzi huona tangu utoto wake jinsi chuma kigumu kinavyolainika motoni, kikapigwa nyundo, kikapoa na kubaki katika umbo jipya. Hyatt hakusoma miaka mingi. Baada ya shule ya kijijini alikaa mwaka mmoja tu katika shule ya juu. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alisafiri kwenda jimbo la Illinois, akajifunza kazi ya kupiga chapa vitabu na magazeti. Elimu ya kemia hakufundishwa na mtu. Lakini alikuwa na mikono mizuri na moyo wa kuuliza, na mwaka 1861 alipata hataza yake ya kwanza, yaani hati ya serikali imlindayo mvumbuzi, kwa ajili ya kifaa cha kunolea visu. Baadaye akahamia mji wa Albany, katika jimbo alikozaliwa, akaendelea kupiga chapa kwa mshahara.

Siku zile pembe za ndovu zilitafutwa sana duniani. Huko Ulaya na Marekani zilichongwa vitana, mipini ya visu, na vibao vyeupe vya kupigia piano. Zilitakiwa pia kwa mchezo wa biliadi, ambao watu hugonganisha mipira midogo kwa fimbo juu ya meza iliyotandikwa nguo. Mpira wa biliadi hautaki kasoro. Sharti uwe mgumu, uwe na uzito sawa pande zote, na ukigongwa uruke bila kupasuka. Hakuna kitu kilichofaa kama pembe, na pembe moja ilitoa mipira michache tu.

Pembe zilizosifiwa sana na wachongaji zilitoka Afrika Mashariki, maana zilikuwa laini kwa kisu wala hazikupasuka upesi. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, walizichukua mabegani kutoka bara, wakapita Tabora na kuteremka hata Bagamoyo. Wengine walikuwa watu huru waliolipwa kwa nguo. Wengine walikuwa watumwa, wala hawakulipwa kitu. Kutoka pwani pembe zilivushwa kwa mashua mpaka Unguja, na huko wafanya biashara wa Marekani walizinunua. Wao walileta nguo ngumu ya pamba, na kwa sababu ya nchi ilikotoka nguo hiyo ikaitwa merikani. Basi kwa miaka mingi pamba ilikuja pwani yetu, na pembe ikaenda ng'ambo. Na kila jozi ya pembe ilikuwa alama ya ndovu mmoja aliyekufa.

Ndovu wakazidi kupungua, na bei ya pembe ikazidi kupanda. Mwaka 1863 watengenezaji wa meza za biliadi mjini New York, Phelan na Collender, wakatangaza kwamba mtu atakayevumbua kitu cha kushika mahali pa pembe atapewa dola 10,000. Fedha hizo zilikuwa nyingi mno kwa mpiga chapa. Hyatt alipopata habari, akaazimia kujaribu.

Mchana alifanya kazi yake ya mshahara, kwa hiyo majaribio aliyafanya usiku na siku za Jumapili. Alichanganya karatasi zilizopondwa, unga wa mbao na gundi za namna mbalimbali, akavishindilia katika kalibu za chuma, akavipasha moto. Mipira ikatokea, lakini haikuwa mizuri kama ya pembe. Hata hivyo kazi yake haikupotea. Kwa maarifa hayo ya kushindilia, yeye na ndugu zake walianzisha kiwanda cha kutengeneza vijiwe vya dama na dhumna. Ndivyo alivyokuwa Hyatt maisha yake yote: jambo likishindikana, alitazama kwanza ni kitu gani kilichobaki mkononi mwake.

Siku moja alifungua kabati ambamo wapiga chapa walikuwa wakiweka chupa ya kolodioni. Kolodioni ni maji mazito ambayo wapiga chapa walijipaka vidoleni ili ngozi isichubuke. Hutengenezwa kwa pamba. Pamba hutiwa katika asidi kali mbili, ya nitriki na ya salfuriki, kisha huoshwa sana kwa maji. Ikikauka, kwa macho ni pamba ile ile, lakini tabia yake imebadilika kabisa: hushika moto kwa ghafula, na ile iliyokolea asidi sana hulipuka kama baruti. Tena huyeyuka katika etha na spiriti, jambo ambalo pamba ya kawaida haliwezi. Basi Hyatt aliikuta chupa imeanguka. Maji yamemwagika na kukauka, na mahali pake pamebaki kipande kigumu, chembamba, kama ukucha. Mtu mwingine angalikikwangua na kukitupa. Hyatt alikichukua mkononi, akakipinda, akafikiri.

Kwanza aliifunika mipira yake kwa kolodioni, ikang'aa vizuri sana. Mwaka 1869 akapata hataza kwa kazi hiyo. Lakini ngozi ya mpira ilikuwa karibu ni pamba ya baruti tupu. Mpira ukiguswa na sigara yenye moto uliwaka mara moja, na mara chache mipira miwili ikigongana kwa nguvu ililia mshindo kama fataki ya bunduki. Hyatt mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba mwenye baa mmoja wa jimbo la Colorado alimwandikia barua juu ya jambo hili. Mtu yule alisema kwamba yeye hakuuchukia mshindo wenyewe, ila kila ulipolia, wanaume wote chumbani walichomoa bastola zao.

Tena palikuwa na shida nyingine. Kolodioni ikikauka hupungua, maana etha na spiriti huenda hewani, na kinachobaki hujikunja na kupasuka. Huko Uingereza, Alexander Parkes alikuwa ameonyesha vitu vilivyofanywa kwa pamba ya namna hii katika maonyesho makubwa ya London mwaka 1862, lakini shirika lake likafilisika mwaka 1868. Hyatt akatambua kwamba njia ya maji maji haitamfikisha. Alitaka kitu cha kuyeyusha pamba ile ambacho chenyewe ni kigumu, kisichokauka na kutoweka.

Kitu hicho kilikuwa kafuri, ambayo watu wengi wa pwani huiita karafuu maiti. Kafuri hutoka katika mti uotao Japani, Formosa na China, nayo hupatikana kwa kuvukiza mbao zake. Hyatt na ndugu yake, Isaiah Smith Hyatt, walichukua karatasi zilizotengenezwa kwa nyuzi za pamba na kutiwa asidi, wakazisaga zikiwa na maji, wakachanganya na unga wa kafuri. Wakakamua maji, kisha wakautia mchanganyiko katika kalibu, wakaupasha moto huku wakiushindilia kwa nguvu nyingi. Kafuri ikayeyuka ndani ya nyuzi, nazo zikashikamana zikawa kitu kimoja. Walipofungua kalibu walikuta kipande kigumu, chenye kupenyeza nuru kidogo, kisicho na ufa. Tarehe 12 Julai 1870 wakapewa hataza. Isaiah ndiye aliyekitafutia jina, akakiita seluloidi, kwa kuwa nyuzi za pamba, kama nyuzi za mimea yote, ni selulosi.

Ikatokea kwamba mwalimu mmoja wa kemia alikuja kuitazama kazi yao. Alipoona wanaipasha moto pamba ya asidi ndani ya chuma kilichofungwa, akashikwa na hofu. Akawaambia kwamba moto ukizidi kidogo tu, kalibu, nyumba na watu wote wataangamizwa. Ndugu wale hawakujua hatari ilikuwa kubwa kiasi hicho. Palikuwa na njia mbili: kuacha kazi kwa hofu, au kuendelea na kujifanya hawakusikia. Hyatt hakufuata mojawapo. Siku ya pili yake alisimamisha ubao mnene wa inchi 4 kati yake na shindilio, akatia mchanganyiko ndani ya kalibu, akaufunga, akazidisha moto makusudi mpaka karibu digrii 260 za Selsiasi, kupita kiasi chote cha kazi. Akajibanza nyuma ya ubao, akangoja. Moshi mkali ukatoka kwa kishindo katika maungio ya kalibu, ukajaza chumba. Lakini kalibu haikupasuka, nyumba ikasimama, naye Hyatt akatoka mzima. Tangu siku ile alijua kazi ile ina mpaka gani, wala hakutegemea bahati.

Seluloidi ilikuwa na tabia ambayo pembe haina kabisa. Pembe huchongwa tu, kilichokatwa hakirudi. Seluloidi ikipashwa moto hulainika, nayo yaweza kupindwa, kubonyezwa, au kupulizwa ikawa kitu chenye uwazi ndani. Ikipoa hushika umbo lile. Lakini ikipashwa tena, huelekea kurudi kama ilivyokuwa mwanzo, kana kwamba yakumbuka. Ndugu Hyatt walijifunza jambo hili kwa hasara. Shirika lao la kwanza la seluloidi, la mwaka 1870, lilitengeneza vibao vya kushikia meno ya bandia. Vibao vile vilikuwa na ladha ya kafuri, na vingine vilipopata joto la chakula na kinywaji vilijipinda mdomoni, vikaacha umbo la kinywa cha mwenyewe. Kwa meno tabia ile ilikuwa kasoro. Miaka mingi baadaye watu wengine wangeitafuta kama hazina.

Mwaka 1871 walianzisha shirika la seluloidi, na muda si mrefu wakahamisha kiwanda kutoka Albany kwenda Newark, jimbo la New Jersey. Hyatt alibuni mashine nyingi za kiwanda hicho yeye mwenyewe, maana hapakuwa na fundi duniani aliyekuwa na mashine za kazi isiyopata kufanywa. Zikatoka humo vitana, mipini ya visu na ya brashi, vibao vya piano, na kola za shati zilizofutwa kwa maji bila kufuliwa. Vitu ambavyo zamani vilikuwa vya matajiri vikaanza kufika nyumbani kwa watu wa kawaida. Katika mji huo huo wa Newark kasisi mmoja, Hannibal Goodwin, alitaka picha zisizovunjika kama kioo za kuwafundishia watu Biblia. Mwaka 1887 akaomba hataza ya utepe wa picha uliofanywa kwa seluloidi. Tepe za namna hiyo ndizo zilizoleta sinema.

Haikuwa kazi isiyo na madhara. Seluloidi hushika moto upesi, na nyumba nyingi za sinema ziliungua kwa sababu ya tepe hizo, mpaka katika miaka ya 1950 zikaachwa kwa ajili ya nyingine, za selulosi pia, zisizowaka kwa urahisi. Wala ndovu hawakupona mara moja. Wachezaji wengi walishikilia mipira ya pembe kwa muda mrefu, na pembe zikaendelea kusafirishwa kutoka Unguja. Lakini tangu wakati wa Hyatt watu walijua kwamba kitu kizuri cha kuchezea au cha kuchania nywele hakina lazima ya kumwua mnyama. Chaweza kutoka shambani.

Hyatt hakukaa akila matunda ya kazi moja. Pamoja na ndugu yake alitengeneza chujio la kusafisha maji mengi ya mji kwa haraka, na kwa ajili hiyo wakaanzisha shirika mwaka 1881. Alibuni kinu cha kukamulia miwa kilichotoa maji zaidi. Alibuni beringi zenye magurudumu marefu ya chuma, na shirika lake la beringi baadaye liliuzia beringi viwanda vya motokaa. Akatengeneza cherehani ya sindano nyingi ya kushonea mikanda ya mashine. Katika maisha yake alipata hataza zaidi ya 200. Mwaka 1914 wataalamu wa kemia wakampa nishani ya Perkin, yenye heshima kubwa katika Marekani, ingawa hakupata kukaa darasani kujifunza kemia. Alikufa tarehe 10 Mei 1920 nyumbani kwake Short Hills, New Jersey, akiwa na umri wa miaka 82.

Baada yake dunia iliigeukia plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, maana ilikuwa rahisi na haikuwaka kama seluloidi. Lakini plastiki hiyo haiozi upesi, na leo mifuko na chupa zake zimejaa mitaroni na baharini. Kwa hiyo wataalamu wameirudia mimea. Kutokana na sukari ya mahindi na ya miwa hutengenezwa plastiki inayoweza kuoza mahali penye joto na unyevu wa kutosha. Na ile tabia iliyoharibu meno ya bandia sasa yatengenezwa kwa makusudi. Ndani ya plastiki ya namna hiyo nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho hufungwa pamoja kama nyavu ya mvuvi. Ikipashwa moto, nyuzi hulegea, na kitu chaweza kuvutwa au kukunjwa. Ikipozwa, nyuzi hukaza na kubaki hivyo. Lakini mafundo ya wavu hayakufunguka. Ikipashwa tena, mafundo huvuta kila uzi mahali pake, na kitu hurudia umbo lake la kwanza bila kuguswa na mkono. Mwaka 2002 wataalamu Andreas Lendlein na Robert Langer walionyesha uzi wa kushonea jeraha, wa plastiki ya kuoza, ambao hukaza fundo lake wenyewe upatapo joto. Wengine wameipa kumbukumbu ya namna hiyo plastiki ya mahindi na miwa.

Selulosi aliyoitumia Hyatt haipatikani Marekani tu. Imo katika pamba ya Bariadi na Maswa, na katika nyuzi fupi zinazobaki juu ya mbegu baada ya pamba kuchambuliwa kiwandani. Imo hata katika miti ya pamba, ambayo mkulima huing'oa na kuichoma moto kila mwaka baada ya mavuno ili wadudu wasipate makao. Zamani mababu wa nchi hiyo walibeba pembe mabegani kuipeleka pwani, wakarudi na nguo ya pamba. Wajukuu wao hulima pamba wenyewe, na iliyo nyingi hupelekwa ng'ambo bado haijafumwa. Mpiga chapa wa Albany hakuwa na shamba hata moja la pamba. Alikuwa na kipande kilichokauka kabatini, ukubwa wa ukucha, naye hakukitupa.